Nyumba ya Zamani: Tuitengeneze au Tujenge Mpya?

Kati ya maswali yanayomfuata askari tangu siku aanzapo kuweka akiba mpaka siku avuapo sare, lipo moja ambalo halijibiwi na kamanda wala halimo katika kitabu chochote cha amri. Nalo ni hili: ile nyumba iliyoko nyumbani, aliyoirithi kwa baba yake au aliyoijenga mwenyewe zamani alipokuwa bado koplo, je, aitengeneze, au aibomoe na kujenga nyingine?

Kwa mfanyabiashara swali hili laweza kuwa la anasa. Akikosea mwaka huu, duka litamrudishia mwaka ujao. Kwa askari na polisi sivyo, kwa sababu fedha zake nyingi huja mara moja au mbili tu katika maisha yake: mkopo wa chama cha akiba, kama vile Wazalendo kwa wanajeshi na Exodus kwa polisi, posho ya kazi za nje ya nchi, ambayo wengi wetu tumeijua tangu majeshi ya Uganda yalipoanza kwenda Somalia mwaka 2007, na mwishowe malipo ya mkupuo ya kustaafu. Fedha hizo zikiisha kabla ya paa kupanda, hazina ndugu wa kuzifuata.

Kila apitaye katika njia kuu za nchi hii, awe anakwenda Gulu, au Mbarara, au Mbale, ameziona zile kuta za matofali ya kuchoma zilizofika usawa wa madirisha zikasimama hapo. Majani yameota sebuleni, na mbuzi wanajikinga jua penye chumba cha kulala. Baadhi ya kuta hizo ni za wenzetu. Wapo waliohamishwa kikosi wakaishiwa, na wapo waliokwisha kufa, wakamwacha mjane na watoto katika chumba cha kupanga, ilhali kuta za baba zinanyeshewa mwaka baada ya mwaka. Na lenye uchungu zaidi ni kwamba mara nyingi mahali hapo palikuwa na nyumba. Ilikuwa ndogo, ilikuwa ya zamani, lakini ilikuwa na paa. Ilivunjwa ili kupisha hiyo mpya.

Kwa hiyo sisi hatulitazami jambo hili kama shauri la uzuri. Tunalitazama kama shauri la nani atalala wapi kazi ikikatika katikati.

Uchunguzi kabla ya amri

Katika mafunzo ya ukadeti tulifundishwa kwamba ofisa hatoi amri juu ya ardhi asiyoikagua. Ajabu ni kwamba ofisa huyo huyo, akienda likizo, huitazama nyumba kwa mbali, akiwa amesimama barabarani pamoja na shemeji zake, na kabla ya chai kuletwa amekwisha kuamua kuibomoa. Ameona nini? Ameona lipu iliyobanduka, rangi iliyofifia, madirisha madogo ya mtindo wa zamani na mabati yenye kutu. Vyote hivyo ni vya usoni. Nyumba haianguki kwa kukosa rangi.

Uchunguzi wa kweli huanzia chini. Yafaa kuchimba shimo dogo kando ya ukuta, katika pembe mbili za nyumba zinazotazamana kwa mshazari, mpaka chini ya msingi ionekane. Hapo ndipo mtu atakapojua kama baba yake alijenga juu ya mawe yaliyofika kwenye moramu ngumu, au alianza matofali juu ya udongo mweusi wa bustani. Kazi hiyo ni ya asubuhi moja, na gharama yake ni kijana mmoja na sururu. Hatujui kazi nyingine yoyote ya ujenzi iliyo rahisi kiasi hicho na inayookoa fedha nyingi kama hiyo.

Baada ya msingi zifuatazo ni kuta, na hapa tunataka kukaa kidogo, maana nyufa zimewatia watu wengi hofu isiyo na sababu, na wengine zimewapa matumaini yasiyo na sababu. Ufa mwembamba kama unywele unaotambaa katika lipu aghalabu ni wa lipu yenyewe. Ilikauka upesi kuliko ilivyopasa. Lakini ufa unaoanzia katika pembe ya dirisha ukashuka kwa ngazi ngazi kufuata viungo vya matofali, mpana upande mmoja na mwembamba upande mwingine, huo ni habari kutoka kwenye msingi: sehemu moja ya nyumba inazama na nyingine imebaki. Hata hivyo, yapo mazamo ya zamani yaliyokwisha kutulia. Njia ya kuyatambua ni ya kale na haihitaji mashine. Fundi hupaka kibandiko kidogo cha saruji juu ya ufa huo, akaandika tarehe kwa msumari kabla hakijakauka. Mwenye nyumba akirudi baada ya masika na kiangazi kupita, akute kibandiko ni kizima, ukuta umetulia. Akikuta kimepasuka, ukuta bado unatembea, na kila shilingi itakayotiwa katika lipu na rangi itapasuka pamoja nao.

Kuta hupimwa pia kwa timazi. Ukuta uliojaa tumbo au ulioinama nje hautengenezwi kwa lipu. Kadhalika mtu apapase sehemu ya chini ya kuta, futi moja hivi kutoka sakafuni. Ikiwa rangi inabanduka hapo tu na ukuta una unyevu hata wakati wa jua kali, basi maji yanapanda kutoka ardhini kwa sababu wajenzi wa zamani hawakuweka tabaka la kuyazuia. Ubaya huu una dawa, ila dawa yenyewe ni kazi ya polepole, ya kutoa na kurudisha matofali kipande kwa kipande, na gharama yake ihesabiwe mapema.

Kuhusu paa, kenchi zilizoliwa na mchwa husikika: zigonge kwa nyundo nazo hutoa sauti ya mtungi mtupu. Paa ni kitu cha kubadilika na halipaswi kuiua nyumba nzima. Twaonya mambo mawili tu. La kwanza, anayenunua mabati akumbuke kuwa nambari ya geji ikiwa ndogo bati ni nene. Geji 28 ni zito kuliko geji 30, na wapo wauzaji wanaofurahi mnunuzi akidhani kinyume. La pili, nyumba nyingine za zamani, hasa zilizojengwa na serikali na mashirika, zimeezekwa kwa vigae vya asbestosi, vile vya kijivu vyenye mawimbi. Vigae hivyo vikikatwa au kuvunjwa hutoa vumbi linaloleta saratani ya mapafu miaka mingi baadaye. Vijana wasipandishwe juu na msumeno. Watafutwe watu wanaoijua kazi hiyo.

Mtu akikwisha kuyaona haya, hesabu yake huwa nyepesi. Nyumba ina vitu vitatu vinavyoibeba au kuilinda: msingi, kuta na paa. Ikiwa msingi na kuta ni vizima, sisi twasema itengenezwe, hata kama paa limeoza lote. Ikiwa kilicho kizima ni paa peke yake, mtu ashushe mabati yake kwa uangalifu, ajenge upya. Mambo ya katikati ni ya fundi, si ya shemeji.

Afande na fundi wake

Mwaka 2022 tulifuatana na staff sajenti mmoja mpaka kwao, upande wa Tororo. Alikuwa amebakiza muda mfupi kustaafu, na mkopo wake ulikuwa umekubaliwa. Nyumba ilijengwa mwaka 1964 na baba yake, mfanyakazi wa reli: vyumba vinne, matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo, sakafu ya saruji, na mabati ambayo jua lilikuwa likipita ndani yake kama nyota. Mkewe alitaka nyumba mpya. Mama yake mzee, aliyeishi humo tangu siku ya kwanza, hakusema lolote. Fundi mwashi aliyeitwa alikuwa mzee wa makamo ya huyo mama.

“Mzee, karibu,” akasema sajenti. “Nimekuita uniambie kubomoa kutachukua siku ngapi.”

“Afande, mimi sikuja kubomoa,” akajibu fundi. “Nipe kijana mmoja na sururu, kisha tukae kivulini.”

Mashimo mawili yakachimbwa. Chini ya pembe ya mashariki yalionekana mawe makubwa, yamepangwa vizuri, yamekaa juu ya moramu ambayo sururu ililia ilipoigusa. Chini ya pembe ya magharibi mawe yalikuwa yale yale, lakini udongo wa kando yake ulikuwa umechimbika. Fundi akaonyesha juu. Kwa karibu miaka 60 maji ya paa yalikuwa yakimwagika katika pembe hiyo, kwa kuwa hapakuwa na mfereji wa bati wa kuyapokea. Ufa mkubwa ambao sajenti aliuona kuwa hukumu ya kifo ulikuwa kazi ya mfereji uliokosekana.

Mke wa sajenti, ambaye alikuwa amesimama akisikiliza, akasema kwa upole lakini bila woga: “Baba watoto, mimi sitaki kuzeekea katika nyumba ya mashaka. Mnatengeneza leo, kesho mnatengeneza tena.”

Neno hilo lilikuwa na haki yake, na hakuna aliyelibeza. Wanaume wengi huipenda nyumba ya baba kwa sababu ya baba, na mwanamke ndiye anayekaa humo wakati moshi wa jiko unapokosa pa kutokea. Hapo ndipo mama mzee aliposema kwa mara ya kwanza.

“Mkivunja, ninyi mtarudi kambini,” akasema. “Mimi nitalala wapi?”

Hapakuwa na aliyejibu upesi. Mkopo ulitosha kujenga nyumba mpya mpaka kwenye lenta, na pengine kuezeka chumba kimoja. Yaliyobaki yalitegemea malipo ya kustaafu, na malipo hayo yalikuwa bado karatasi.

Shauri lililofikiwa lilikuwa la fundi kwa sehemu kubwa. Kuta zibaki. Paa lote lishushwe, na juu ya kuta uzungushwe mkanda wa zege wenye nondo ili kuzifunga pamoja. Viungo vya udongo vya upande wa nje, vilivyokwisha kulika, vikwanguliwe na kujazwa mchanganyiko wa saruji na chokaa. Pembe ya magharibi ijaziwe zege chini yake kwa vipande vifupi, kimoja kikauke ndipo kingine kifuate, maana anayechimba chini ya pembe nzima kwa siku moja anaiangusha nyumba kwa mikono yake. Mifereji iwekwe pande zote na maji yapelekwe kwenye tangi. Mwisho, kwa upande wa nyuma, vijengwe vyumba viwili vipya na jiko lenye bomba la moshi kama alivyotaka mke wa sajenti, kila kimoja kikiwa na msingi wake, na kati ya ukuta mpya na wa zamani uachwe mwanya mdogo wa kufunikwa kwa ubao. Tulipouliza sababu ya mwanya, fundi alisema kuwa nyumba ya zamani imekwisha kukaa, na hii mpya bado itakaa. Ukizifunga pamoja, mpya itaivuta ya zamani.

Kazi ilifanyika katika likizo mbili. Mama mzee alihamia chumba kimoja, kisha kingine, na hakulala nje hata usiku mmoja. Zikabaki na fedha za ada ya mihula miwili.

Hata Ikulu ya Marekani

Asije mtu akadhani kwamba mashauri ya namna hii ni ya wanyonge. Miaka 16 kabla baba wa sajenti wetu hajaweka jiwe lake la kwanza, Rais Harry Truman wa Marekani alikuwa na shida hiyo hiyo katika Ikulu yake mjini Washington. Mwaka 1948 mguu wa piano ya binti yake ulitoboa sakafu. Wahandisi walipoingia na kukagua walikuta nyumba ile kubwa nyeupe imesimama kama kwa mazoea tu.

Sababu zake zinatuhusu sana sisi wenye nyumba za kawaida. Nyumba ilikuwa na wakazi tangu mwaka 1800, ikachomwa na askari wa Kiingereza mwaka 1814, ikatengenezwa. Baadaye kila kizazi kiliongeza chake: mabomba ya maji, mabomba ya joto, nyaya za umeme, na kila mara mbao za ndani zilikatwa ili kuyapisha. Mwaka 1902 ukuta wa ndani uliondolewa ili kupanua chumba cha chakula cha wageni. Mwaka 1927 orofa ya juu ilijengwa upya kwa chuma na zege, mzigo mkubwa juu ya kuta ambazo misingi yake ilikuwa katika udongo laini. Hakuna katika hao aliyeiharibu nyumba kwa makusudi. Kila mmoja alifanya matengenezo madogo bila kuuliza chini kuna nini.

Walikuwapo wabunge waliotaka ivunjwe yote. Tume ya watu sita iliamua vinginevyo: kuta za nje za mawe zibaki, na vyote vya ndani vitolewe. Wakashusha nguzo za zege chini ya kuta mpaka kwenye ardhi ngumu, wakajenga ndani ya kuta hizo nyumba mpya ya chuma. Inasimuliwa kuwa tingatinga liliingizwa humo vipande vipande, kisha likaungwa ndani, kwa kuwa Rais alikataa ukuta utobolewe mlango mkubwa. Alirudi kukaa humo Machi 1952, na gharama ilikuwa imepita dola milioni 5.

Lipo jambo moja katika kisa hiki ambalo wasomaji wetu wa polisi watalielewa kuliko wengine. Wakati wa kazi hiyo Rais alihamia Blair House, nyumba iliyo ng'ambo ya barabara, ambayo mbele yake kulikuwa na njia ya watu tu. Tarehe 1 Novemba 1950 watu wawili wenye bastola walijaribu kuingia humo ili kumwua. Polisi wa ulinzi, Leslie Coffelt, alipigwa risasi, na kabla ya kufa akampiga na kumwua mmoja wa washambuliaji. Rais alipona. Sisi hatuna wa kutushambulia wakati wa ujenzi, na tuishukuru hali hiyo, lakini hesabu ya kuhama ni hesabu ya kweli kwa kila familia: kodi ya nyumba ya kupanga, safari ndefu ya watoto kwenda shule, mali iliyobaki chini ya turubai, mlinzi wa saruji. Anayebomoa hulipa gharama hizo kwa muda mrefu, na anayetengeneza huweza kuzikwepa kwa kuhama chumba kwa chumba.

Pasipofaa kutengeneza

Tukiishia hapo tutakuwa tumewadanganya wasomaji. Zipo nyumba ambazo kuzitengeneza ni kuzitupa fedha mtoni, na mara nyingine ni mtoni kweli. Inspekta mmoja wa polisi tunayemfahamu alitengeneza mara tatu nyumba iliyokuwa bondeni, karibu na mto, na mara tatu maji yakaichukua kazi yake. Msingi wake ulikuwa mzuri, kuta zilikuwa nzuri. Mahali ndipo palipokuwa pabaya. Watu wa Kasese waliuona mto Nyamwamba ukivunja kingo zake mwezi Mei mwaka 2013, na tena Mei 2020. Katika mwaka huo huo wa 2020 ziwa Victoria lilipanda kuliko lilivyopata kupimwa, likaingia katika nyumba za ufukweni. Na huko Bududa, tarehe 1 Machi 2010, mlima uliteremka juu ya vijiji na mamia ya watu wakafa. Katika mahali pa namna hiyo hapana swali la kutengeneza wala la kubomoa. Kuna kuhama.

Ndugu zetu wa Fort Portal, Bundibugyo na Kasese wana hesabu yao ya peke yao, kwani ardhi yao hutetemeka. Mtetemeko wa Machi 1966 uliangusha nyumba nyingi na kuua watu wengi huko Toro. Ukaja mwingine Februari 1994. Jirani zetu wa Bukoba, ng'ambo ya mpaka, waliupata wao Septemba 2016. Matofali yaliyounganishwa kwa udongo, bila mkanda wa zege, ndiyo yanayotawanyika kwanza ardhi inapotikisika. Nyumba kama ya yule sajenti wa Tororo, lau ingekuwa Fort Portal, sisi tungeihukumu kwa ukali zaidi. Nao waliojenga Karamoja juu ya udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua wasishangae nyufa zao kurudi kila mwaka. Huko msingi hushushwa mpaka chini ya udongo huo, au nyumba haijengwi hapo.

Ardhi ina ubaya wake mwingine usioonekana kwa sururu, nao ni karatasi. Askari anaweza kuwa na msingi wa mawe juu ya ardhi ambayo kesho ndugu watano wataidai. Kabla ya kuweka mkopo wote mahali, ajue kama urithi umekwisha kugawanywa, na kama umegawanywa, yaandikwe. Mwenye kibanja juu ya ardhi ya mailo alipe busuulu yake na kutunza risiti, akae pia na mwenye ardhi wazungumze kabla ya lori la kwanza la matofali kufika. Tena Sheria ya Ardhi hairuhusu ardhi ya familia kuuzwa wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mke au mume. Waliojaribu kupitia njia ya pembeni ili mama asijue wamejikuta mahakamani katika umri wa kucheza na wajukuu. Palipo na shaka ya karatasi, kutengeneza kidogo ni salama kuliko kujenga kikubwa.

Hao wanaoamua kujenga upya, na sababu wanazo, tunawaomba jambo moja tu: nyumba ya zamani isivunjwe mpaka mpya ina paa na mlango wenye kufuli. Kampala inalo somo lake. Mwaka 2011 wakaaji wa mitaa ya zamani ya Nakawa na Naguru waliondolewa na nyumba zao zikavunjwa ili pajengwe mji wa kisasa. Miaka mingi baadaye sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa bado majani matupu. Ikiwa mradi wenye mawakili na wahandisi unaweza kukwama baada ya kubomoa, basi koplo mwenye mkopo mmoja ajihadhari. Kiwanja kikiruhusu, mpya ijengwe kando, na ya zamani ikiisha kazi yake iwe jiko, ghala, au vyumba vya vijana. Wengi wetu tuna makaburi ya wazee nyuma ya nyumba, na hiyo nayo ni sababu ya kutoukimbia uwanja.

Mwenye nyumba asiyekuwapo

Mashauri mengi ya ujenzi yameandikwa kwa ajili ya mtu anayerudi nyumbani kila jioni. Askari harudi. Anaijenga nyumba kwa simu, na msimamizi wake ni mdogo wake, ambaye naye ana shida zake. Ndiyo maana tunasema kwamba hata mahali ambapo nyumba mpya ingekuwa bora kwa mizani ya kawaida, kwa mtu asiyekuwapo matengenezo yana faida moja kubwa: yanakatika vipande. Paa ni kipande kimoja, kinamalizika ndani ya likizo moja, mwenyewe akiwapo na kuhesabu mabati. Sakafu ni kipande kingine. Kila kipande kikiisha, familia inakitumia. Nyumba mpya haikatiki hivyo. Msingi peke yake haumfai mtu, wala kuta bila paa.

Anayelazimika kusimamia kwa mbali asipeleke fedha za kazi yote kwa mara moja. Apeleke vifaa vya hatua moja, saruji ihesabiwe kwa mifuko ya kilo 50 na si kwa maneno, na fundi alipwe hatua hiyo ikiisha kuonekana kwa picha, pamoja na mtu wa pili asiye ndugu wa fundi kuthibitisha. Zege jipya lilowanishwe maji kwa siku 7 angalau. Hili husahauliwa kuliko yote, kwa kuwa mafundi wamekwisha kuondoka na aliyebaki anaona ni anasa kumwagilia jiwe. Sheria ya udhibiti wa majengo ya mwaka 2013 inadai kibali kabla ya kazi kuanza, kwa hiyo ofisi ya mji au ya wilaya iulizwe mapema, hata kwa matengenezo makubwa na kubomoa. Na zitengwe fedha za dharura. Sisi tungetenga sehemu moja katika kumi kwa nyumba mpya, na mbili katika kumi kwa ya zamani, maana nyumba ya zamani huficha mambo mpaka ifunguliwe.

Limebaki jambo la majira. Katika sehemu kubwa ya kusini na kati ya nchi mvua huja Machi mpaka Mei, na tena Septemba mpaka Novemba. Paa la zamani lishushwe Desemba au Januari, au Juni mpaka Julai. Wa kaskazini wenye msimu mmoja mrefu wa mvua wana nafasi tangu Desemba hadi Machi. Lakini Desemba ndio mwezi ambao kila mtu kambini anataka kwenda kwao kwa Krismasi. Anayetaka kuezeka, basi, na aombe likizo ya Januari, aiombe tangu Septemba, na mabati yawe yamekwisha kununuliwa na kufungiwa ndani kabla hajapanda gari.